Madini Yanayojifanya Fosfeti

Siku moja ya soko mzee mmoja wa skimu yetu aliingia ofisini akiwa na fimbo mkono huu na chupa ndogo ya plastiki mkono wa pili. Alikuja, alisema, kuandikisha ndama wake kwa chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Lakini nilipokwisha kuliandika jina lake hakuinuka. Alikaa kitini akivuta pumzi, akaomba maji. Akanywa kikombe, akaomba cha pili, kisha cha tatu.

"Mwalimu," akaniambia, maana wazee wa hapa huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ukarani, "hebu nisomee maandishi haya. Siku hizi macho yangu yana ukungu."

Nikasoma. Ndani ya chupa mlikuwa na vidonge vya chumvi ya madini yaitwayo vanadi, miligramu 50 kila kidonge, viwili kwa siku. Mzee ana ugonjwa wa sukari, na kwa miaka mingi amekuwa akijidunga sindano za insulini. Mchuuzi mmoja sokoni alimwambia kwamba vidonge hivi hufanya kazi ile ile ya sindano bila maumivu. Akatoa shilingi 2,500, akaziweka sindano kando. Siku hiyo ilikuwa ya tisa.

Mimi si daktari, lakini kiu ile, ukungu wa macho, na koti lililokuwa likimning'inia mabegani havikuhitaji daktari kuvitambua. Nilimwambia, "Mzee, twende hospitali kwanza, mazungumzo tutayafanya baadaye." Bwana Mifugo alikuwa na gari uani, akampeleka. Walimlaza siku 4, wakamrudishia insulini yake.

Aliporudi kwetu alikuwa na swali, nalo swali hilo ndilo lililonifanya niandike habari hii. "Mwalimu, yule mchuuzi alinionyesha karatasi. Ilisema kwamba madini haya yaliwapa nafuu panya wenye sukari. Je, karatasi ilikuwa ya uwongo?"

Sikuweza kumjibu siku ile. Niliuliza kwa daktari wa kliniki, nikasoma, na jibu lake halikuwa rahisi kama nilivyotarajia. Karatasi haikuwa ya uwongo. Panya walipata nafuu kweli. Walakini kutoka kwa panya wale mpaka kwa mzee wetu kuna safari ndefu, na mchuuzi hakumweleza hata hatua moja ya njia hiyo.

Kwanza tuyajue madini yenyewe. Wengi wetu tumeyashika bila kuyajua. Tazama mpini wa spana nzuri katika sanduku la vifaa vya trakta: mara nyingi utakuta limepigwa chapa neno Vanadium. Vanadi kidogo ikichanganywa na chuma cha pua hukifanya kiwe kigumu, kisichopinda upesi. Aliyeigundua kwanza ni Andrés Manuel del Río, huko Mexico, mwaka 1801, lakini bingwa mmoja wa Ufaransa akamwambia amekosea, naye akaamini, akaiacha. Mwaka 1830 Nils Gabriel Sefström wa Sweden akaiona tena katika chuma cha nchi yake, akaipa jina kutokana na Vanadis, mungu-mke wa uzuri katika hadithi za kale za watu wa kaskazini, kwa sababu chumvi zake zina rangi nyingi za kupendeza: manjano, buluu, kijani, zambarau.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Hapa nitaomba msomaji awe na subira kidogo, maana asiyeielewa fosfeti hataielewa vanadi.

Mwili wa mtu, wa ng'ombe, wa kuku, na hata mhindi shambani, umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Shuleni watoto huviita seli. Kila seli inahitaji fosfeti, ile ile tunayoinunua katika mfuko wa mbolea ya kupandia. Mahindi yakikosa fosfeti majani hugeuka zambarau na mizizi hudumaa. Mtu naye anayo fosfeti katika mifupa na meno. Na zaidi ya hayo seli huitumia kwa kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kuweka nguvu. Chakula kikivunjwa ndani ya seli, nguvu yake hufungwa katika kitu kiitwacho kwa kifupi ATP. Kitu hiki kina fosfeti 3 zilizofuatana kama mabehewa ya garimoshi. Behewa la mwisho likikatwa, nguvu hutoka, nayo hukaza msuli, husukuma chumvi, au hujenga kitu kipya.

Kazi ya pili ni kutoa amri. Seli ikitaka protini fulani ianze kazi, mara nyingi huibandika fosfeti. Ikitaka iache kazi, huibandua. (Kwa protini nyingine ni kinyume chake, lakini tusijichoshe na hilo.) Wako wenye kazi ya kubandika na wako wenye kazi ya kubandua. Hao ni vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi kama mafundi ndani ya seli. Kila kimoja kina ufundi wake na mahali pake pa kushikia kitu anachokishughulikia.

Fosfeti ni atomu moja ya fosforasi katikati, na oksijeni 4 zimeizunguka. Vanadi ikiyeyuka majini huweza kujipanga vivyo hivyo: vanadi moja katikati, oksijeni 4 pembeni. Ikiwa katika hali hiyo huitwa vanadeti. Ni kubwa kidogo tu kuliko fosfeti. Mlango uliochongwa kwa ajili ya fosfeti huipitisha vanadeti, na mkono uliozoea kushika fosfeti huishika vanadeti pia. Seli haina macho; hujua vitu kwa kuvipapasa.

Tofauti hutokea baada ya kushikwa. Kimeng'enya kikikata fosfeti, kwa nukta ndogo sana ile fosfeti huwa na majirani 5 badala ya 4, kisha hujitoa na kwenda zake. Ni kama mtu anayepita kizingitini: hakai hapo. Vanadeti haina haraka hiyo. Yenyewe hupenda kuwa na majirani 5, basi ikifika kizingitini hukaa. Fundi aliyeishika hawezi kuiachia upesi, wala hawezi kushika kazi nyingine. Mmewahi kuona jiwe likiingia pamoja na mahindi katika mashine ya kusaga? Lilipita mdomoni kwa kuwa ni dogo kama punje, lakini limefika ndani limekwama.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati, na kwa kweli hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Kila seli ya mwili ina pampu inayotoa chumvi ya sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani: sodiamu 3 nje, potasiamu 2 ndani, mchana na usiku. Pampu hiyo ikisimama, neva hazipeleki habari na moyo haupigi sawasawa. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliokuwa wakiichunguza walisumbuliwa na jambo moja. ATP iliyotengenezwa kwa nyama ya farasi ilikuwa inaipunguza kasi pampu, na ATP iliyotengenezwa kwa njia nyingine haikufanya hivyo. Mwaka 1977 Lewis Cantley na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, walipata sababu. Ndani ya ile ATP ya farasi mlikuwa na vanadeti kidogo sana, nayo ilikuwa imekaa katika pampu mahali pa fosfeti. Uchafu wa kiasi kile, ambao mtu asingeujali, ulitosha kuikwamisha pampu.

Habari hiyo ilipoenea, mabingwa walianza kuitumia vanadeti kama chombo cha kazi katika maabara. Wakitaka kujua kazi fulani ya seli inategemea kubandua fosfeti au sivyo, huweka vanadeti waone kama itasimama. Mpaka leo hufanya hivyo.

Sasa tunakaribia ugonjwa wa sukari. Wenzetu wenye mashamba ya kumwagilia wataelewa mfano huu mara moja. Katika mfereji mkubwa kuna mlango wa kila shamba. Zamu yako ikifika, mtu mmoja hufungua mlango, maji yakaingia. Baada ya saa zako kwisha, mtu wa pili hufunga. Bila wa kwanza mazao hukauka, na bila wa pili shamba hufurika na mwenzako wa chini akakosa maji.

Mtu mzima mwenye afya akila ugali, sukari huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huenda kugonga katika mlango wa seli. Kugonga huko humwamsha fundi wa kubandika fosfeti. Fosfeti hubandikwa hapa, kisha pale, amri ikapita kutoka protini hadi protini, mpaka milango ya sukari ikafunguka, sukari ikatoka katika damu na kuingia katika msuli. Baadaye huja wafungaji, vimeng'enya vya kubandua, wakaondoa zile fosfeti, na milango ikarudi kama zamani.

Vanadeti huwashika mikono wale wafungaji. Insulini ikiwa imegonga kidogo tu, milango ikafunguka nusu, hakuna wa kuifunga. Hubaki wazi, na sukari huendelea kuingia. Kwa mtu anayetazama kutoka nje ni kama insulini imeongezeka, kumbe haikuongezeka hata tone moja.

Ndiyo sababu wale panya walipata nafuu. Mwaka 1985 John McNeill na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, waliwachukua panya walioharibiwa kongosho, wakawatilia vanadeti katika maji ya kunywa. Sukari ya damu ikashuka mpaka kiwango cha panya wazima, na mioyo yao iliyokuwa imedhoofika ikapata nguvu. Insulini katika damu yao ilikuwa bado ni chache vile vile. Hilo ni jambo kubwa, wala si ajabu kwamba liliwapa watu matumaini. Hata kabla ya hapo, mwaka 1899, madaktari wa Ufaransa walikuwa wamewapa wagonjwa chumvi ya vanadi, na katika wagonjwa 3 wa sukari waliokuwamo, 2 walionekana kupungukiwa na sukari kidogo. Wakati huo insulini ilikuwa haijapatikana. Ilikuja mwaka 1921 huko Toronto, na mwaka uliofuata ikaanza kuokoa watu ambao vinginevyo wangekufa.

Mchuuzi wa sokoni angeishia hapo. Sisi tuendelee.

Katika mwili wa mtu mfungaji si mmoja. Wako wafungaji wa namna hii wapatao 100, kila mmoja na mfereji wake. Yupo anayefunga mfereji wa insulini, yupo anayefunga amri ya seli kukua na kugawanyika, wapo wanaotuliza askari wa damu baada ya vita na vijidudu. Vanadeti haimchagui yule tunayemtaka. Huwashika wote inaowafikia, na pampu ya chumvi tuliyoitaja pia. Atakayeinywa ili afungue mlango wa sukari anaiachia mifereji mingine wazi bila kujua ni ipi.

Hilo huonekana katika maabara. Katika seli zilizooteshwa ndani ya chupa, vanadi kidogo huweza kuzihimiza seli zigawanyike, na vanadi nyingi huziua. Seli za saratani zimeuliwa hivyo pia, na kuna wataalamu wanaotafuta dawa ya saratani katika njia hiyo. Lakini seli ndani ya chupa haina figo, haina tumbo wala haina jirani. Tusisahau pia kwamba vumbi la vanadi iliyoungana na oksijeni, likivutwa na panya kwa muda mrefu, liliwaletea uvimbe wa saratani katika mapafu. Wafanyakazi wanaosafisha matanuri yanayochoma mafuta mazito huvuta vumbi hilo wasipojikinga: hukohoa, kifua hubana, na ulimi huweza kugeuka rangi ya kijani. Ulimi wa kijani hauui mtu, lakini ukiuona, ujue madini yamekwisha kuingia.

Seli nazo haziko bila ulinzi. Zina kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huigeuza vanadeti iwe namna nyingine, vanadili, isiyofanana sana na fosfeti na isiyoikwamisha pampu kwa nguvu ile. Tumbo nalo huzuia: katika vanadi inayomezwa, kwa kawaida chini ya sehemu 5 katika 100 hupita kuingia katika damu. Inayopita, nyingi hutolewa na figo kwa mkojo, na nyingine hujificha katika mifupa, ambamo fosfeti ndimo ilimo, ikakaa humo muda mrefu. Kwa hiyo mtu mwenye figo dhaifu yumo katika hatari zaidi, na msomaji mwenye sukari anajua kwamba sukari iliyokaa miaka mingi huziharibu figo. Yaani wale wanaouziwa vidonge hivi ndio wasiofaa kabisa kuvinywa.

Hebu tufanye hesabu, kama darasani. Katika chakula cha kila siku mtu hupata vanadi kiasi cha makumi machache ya mikrogramu. Uyoga, pilipili manga na samaki wa magamba huwa nayo zaidi ya vyakula vingine. Mikrogramu 1,000 ni miligramu 1. Mwaka 2001 baraza la wataalamu wa tiba la Marekani liliweka mpaka kwa mtu mzima: asizidishe miligramu 1.8 za vanadi kwa siku, na waliuweka kwa kuangalia madhara yaliyoonekana katika figo za panya. Mzee wetu alikuwa akimeza miligramu 100 za chumvi ya vanadi kila siku. Si zote ni vanadi, maana ndani yake mna salfeti na maji. Vanadi yenyewe huwa kati ya miligramu 20 na 31. Gawanya kwa 1.8. Utapata kwamba alikuwa ameuvuka mpaka ule mara 11 mpaka 17.

Kiasi hicho hicho, miligramu 50 mara mbili kwa siku, kilijaribiwa kwa watu. Mwaka 1996 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 8 wa Marekani, wenye ile sukari ya ukubwani, walioinywa kwa wiki 4 chini ya macho ya madaktari. Sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilipungua kwa sehemu 20 katika 100. Wagonjwa 6 katika hao 8 walisumbuliwa na tumbo katika wiki ya kwanza. Hiyo ndiyo faida na ndiyo hasara yake kwa kipimo kile. Angalia pia idadi: watu 8, wiki 4. Mkulima hawezi kusifu mbegu mpya kwa kuijaribu mistari 8 msimu mmoja.

Mwaka 2008 wataalamu wa Uingereza walikusanya majaribio yote waliyoweza kuyapata, wakatafuta yale yaliyofanywa kwa watu wa kutosha, kwa muda wa kutosha, na kwa kulinganisha na vidonge visivyo na dawa. Hawakupata hata moja lililotimiza masharti hayo, nao wakashauri vanadi isitumiwe kwa kutibu sukari. Dawa moja iliyotengenezwa kwa kuifunga vanadi ndani ya kitu kingine, ili iingie mwilini kwa urahisi zaidi, ilifika mpaka kujaribiwa kwa wagonjwa wachache, kisha ikaachwa kabla ya kufika madukani. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu wale madaktari wa Ufaransa, na hakuna hospitali inayotibu sukari kwa vanadi.

Nilimweleza mzee haya yote kwa siku mbili, siku ya pili nikitumia vigingi na kamba uani. Alisikiliza vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi niliowahi kuwafundisha. Mwishowe alisema, "Kwa hiyo inamsaidia mfunguaji aliye dhaifu. Na mfunguaji akiwa hayupo kabisa?"

Swali zuri sana hilo. Vanadi huzuia kufunga, lakini mtu ambaye kongosho lake halitoi tena insulini ya kutosha, na ameacha sindano, mlango wake haukugongwa. Kuzuia kufungwa kwa mlango usiofunguliwa si msaada mkubwa. Ndiyo maana kiu ya mzee iliongezeka kila siku wakati vidonge vilipokuwa vikipungua. Mwenye kutumia insulini asiiache hata siku moja bila kauli ya daktari, kwa ajili ya vanadi au kwa ajili ya kitu kingine cho chote kinachouzwa mezani sokoni. Kiu isiyokwisha, mkojo wa mara kwa mara, macho yenye ukungu, kutapika, pumzi ya haraka yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno: mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Vidonge vilibaki 42. Kwa kuwa shilingi 2,500 si mchezo, mzee aliuliza kama anaweza kuvitwanga na kuvichanganya katika chakula cha kuku, "kwa kuwa kuku wanapenda madini."

Nilimzuia, na sababu yake ni jambo ambalo kila mfugaji wa kuku wa mayai anapaswa kulijua. Kuku ni mwepesi wa kudhurika na vanadi kuliko wanyama wengi. Mwaka 1963 L. R. Berg, wa chuo kikuu cha jimbo la Washington nchini Marekani, alieleza kwamba vifaranga waliolishwa aina fulani za fosfeti za kuuzwa walidumaa, na aliyewadumaza alikuwa vanadi iliyokuwamo ndani ya fosfeti hizo. Miamba mingine ya fosfeti, hasa ile ya magharibi ya Marekani, imejaa vanadi kwa asili. Tazama jinsi ndugu hawa wawili wanavyofuatana: wanafanana ndani ya seli, na mwambani pia hukutwa pamoja.

Katika kuku wanaotaga, vanadi ya miligramu 10 tu katika kilo 1 ya chakula hutosha kuuharibu ute wa yai. Ukilipasua yai katika sahani, ute mweupe haukai juu umeshikana kuzunguka kiini. Hutawanyika kama maji. Mayai yenye ute mwepesi yana sababu nyingine pia, kama uzee wa kuku, magonjwa ya kifua, au yai kukaa siku nyingi kwenye joto, kwa hiyo usiitupie vanadi lawama zote. Lakini ikiwa kuku ni wachanga, wazima, mayai ni ya leo, na ute ni maji tangu ulipobadilisha chakula au unga wa madini, weka kando mfuko ule, hifadhi kibandiko chake, na umwite Bwana Mifugo. Vitamini C imeonekana kupunguza madhara haya, kwa kuwa huigeuza vanadeti kama glutathioni inavyofanya katika seli, lakini dawa iliyo bora ni kuondoa chakula chenye kosa.

Ng'ombe nao hawakuachwa. Afrika Kusini, nchi inayochimba vanadi kwa wingi, waganga wa mifugo walieleza mwaka 1994 jinsi ng'ombe walivyopata sumu hii: waliharisha na kukonda, na wengine wakafa.

Hapa nataka kusema neno juu ya desturi niliyoiona mwenyewe katika mashamba yasiyopungua matatu. Mtu amebakiwa na robo ya mfuko wa mbolea ya fosfeti baada ya kupanda, akasikia kwamba ng'ombe wa maziwa anahitaji fosforasi, akaichanganya na magadi na kumwekea alambe. Mbolea hutengenezwa kwa ajili ya udongo. Hakuna aliyeipima vanadi yake, wala floridi, wala kadimi, kwa ajili ya tumbo la mnyama, na mbolea ya DAP ina pia amonia inayoweza kumdhuru ng'ombe akiilamba nyingi. Fosfeti ya mifugo huuzwa peke yake, ikiwa imesafishwa na ina alama ya KEBS. Bei yake ni kubwa kuliko robo ya mfuko uliobaki, hilo sikatai. Mbolea iliyobaki funga mdomo wa mfuko, uiweke juu ya mbao mbali na ukuta wenye unyevu, itafaa msimu ujao.

Wala mtu asifikiri kwamba vanadi iliyo udongoni ni adui. Ipo katika udongo karibu wote, nyingi imeshikwa na chuma cha udongo mwekundu, na mmea huchukua kidogo. Tena kuna bakteria wa udongoni, Azotobakta, ambao hukamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mimea. Kwa kawaida hutumia madini ya molibdeni kwa kazi hiyo. Mwaka 1986 ilithibitishwa kwamba wakikosa molibdeni wana chombo kingine kilichojengwa kwa vanadi. Bakteria huyo ameitengenezea vanadi mahali pake maalumu. Sisi hatukutengenezewa.

Vile vidonge 42 tulivipeleka katika duka la dawa la hospitali, wakavipokea waviharibu pamoja na dawa zao zilizopitwa na wakati. Yeyote mwenye dawa asizozihitaji afanye hivyo. Asizitupe katika choo, wala shimo la takataka ambamo kuku huparura. Mzee amerudi kwenye sindano zake, mjukuu wake humsomea kipimo cha sukari asubuhi na kukiandika katika daftari la shule. Na yule ndama alidungwa Alhamisi iliyofuata, pamoja na wengine wote wa upande wa mtoni.